Karatasi Saba za Gauni la Mtoto

Mtaa wa Wachina, Yokohama
19 Novemba

Kwako dada Suwen,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanao wote wawili. Natumaini kile kikohozi cha mdogo kimekwisha na kwamba baridi ya Kobe haijawabana kama hii ya huku kwetu. Mimi ni mzima. Mama yako naye ni mzima. Nimemwona juzi kwa macho yangu, ameketi mbele ya cherehani, miwani imemshukia puani, anamgombeza mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Nimetanguliza hilo ili usisome yanayofuata ukidhani kuna mgonjwa. Hakuna mgonjwa. Kuna aliyekosa, naye ndiye anayekuandikia.

Mtaani mambo ni yale yale. Kinyozi wetu wa zamani amefunga, na pale palipokuwa kiti chake sasa wanauza chai ya maziwa kwa wasichana wanaotoka Tokyo kupiga picha. Mama Bao bado anacheza mchezo wa mahjong na bado anaiba vigae vya wenzake, na watu bado wanajifanya hawamwoni kwa sababu ya umri wake.

Labda umesikia kwamba Oktoba nilifanya maonyesho katika ghala moja kuukuu karibu na bandari. Unajua nilivyohangaika miaka yote ile. Nilichora milima, nikachora maua, watu wakapita wakiniambia hongera kama unavyomwambia mtoto. Mwaka jana mwalimu wangu mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu, "Lou, umezaliwa mtaa wa Wachina, umekulia huko, halafu unatuletea mlima ambao kila mtu anao. Kwenu hakuna kitu?" Nilikasirika, lakini maneno yale yaliniingia. Nikaanza kuzunguka kwa watu wetu nikitafuta cha kuonyesha: visu vya mpishi, vibao vya maduka, vitabu vya chama cha mazishi. Mwishowe nikafika kwa mama yako.

Nilimwomba karatasi zake za kukatia nguo, zile za kahawia anazozikunja na kuzirundika. Alinicheka. "Takataka hizi? Watu watoke majumbani kwao waje kuangalia makalio ya wateja wangu yalivyo mapana?" Kisha akasema nichukue zote zilizo kwenye rafu, na kama nataka kurekodi mlio wa cherehani na mkasi, nirekodi, mradi mkasi wenyewe nisiuguse.

Nilikaa dukani wiki tatu. Kila alasiri Mama Bao alikuja na karanga zake, wakapiga soga kwa Kiningbo, lugha ya wazee wetu waliotoka Uchina, huku kifaa changu kikiwa mezani. Hawakunijali. Unakumbuka shuleni walivyoniita Kaa wa Chumvi, kile kitoweo cha watu wa Ningbo, kwa sababu bibi yangu alinisemesha lugha ile getini, mbele ya watu. Tangu siku ile nikiulizwa kwa Kiningbo nilijibu kwa Kijapani, au nilibetua mabega tu. Mtaa mzima ukazoea kwamba mtoto wa akina Lou haelewi lugha ya kwao.

Maonyesho yalipendwa, dada. Nilitundika karatasi mia moja na arobaini toka darini, watu wakapita katikati yake kama wanaopita kwenye nguo zilizoanikwa. Katikati kabisa niliweka saba ndogo za gauni la mtoto wa kike, kuanzia ya mwaka mmoja mpaka ya miaka saba, kila moja imezidi mwenzake kidogo. Juu yake ilisikika sauti ya mama yako akizungumza huku akikata kitambaa. Ukutani niliandika kwamba hiyo ni lugha ambayo msanii mwenyewe ameipoteza. Watu walilia kwa sentensi hiyo. Mwanamke mmoja alinishika mkono akasema sauti ile inamtuliza, hata kama haelewi kitu. Nilimshukuru.

Wiki ya pili alikuja mzee Ge wa chama cha watu wa Ningbo. Alisimama chini ya zile saba, akavua kofia, akasikiliza. Kisha akaniita.

"Binti, unajua huyu mama anasema nini?"

Nikamwambia sijui, mimi nasikia mlio tu.

Akanieleza. Sasa nakueleza wewe, na nakuomba uketi.

Mama yako anamsimulia Mama Bao habari za mtoto wake wa kwanza. Miaka minane kabla hujazaliwa, baba yako alipolazwa kwa kifua kikuu na ikadhaniwa hatarudi, mama yako alikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Wateja wake, mume na mke Wajapani wasio na mtoto, walimwomba. Aliwapa. Baba yako aliporudi amepona, mtoto alikuwa tayari na jina jingine. Walikubaliana jambo moja: kila masika yule mke angemleta mtoto dukani kushonewa gauni. Mama yako alimpima binti yake mwenyewe kwa futi, mabega, kifua, urefu, mara moja kwa mwaka, mbele ya mama yake mpya, naye akimwita "mteja mdogo". Mwaka wa nane walihamia Sendai. Hawakurudi tena. Kwenye sauti ile mama yako anasema, "Nilikuwa napima polepole. Yule mke alidhani mimi ni mshonaji makini."

Una dada, Suwen.

Mzee Ge aliponieleza hayo nilifunika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyeshtuka. Alinihurumia, akanipigapiga begani, akasema si kosa langu, lugha ikipotea mtu hufanya mambo bila kujua. Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake, Alhamisi, mama yako akaja. Nadhani mzee alimwambia. Alivaa suti yake ya kijivu, ile ya kwendea makaburini. Hakuwasalimu watu. Alikwenda moja kwa moja chini ya zile saba akasikiliza sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, na watu wakampita kila upande bila kujua kwamba ndiye. Ile ndogo kuliko zote ilikuwa imejikunja pembeni. Aliinyoosha kwa kidole gumba. Kisha, bila kunitazama, akaniuliza kwa Kiningbo, kama bibi alivyokuwa akiniuliza kila siku:

"Umekula?"

Nikajibu kwa Kiningbo, "Nimekula, Mama."

Jibu lilitoka lenyewe. Aligeuka akanitazama.

"Kumbe," akasema. Akaondoka.

Dada, lugha ya bibi yangu naielewa yote. Niliielewa shuleni, nikaielewa pale dukani. Siku mama yako alipomsimulia Mama Bao, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao, na nilielewa kila neno, nikainamisha uso na kujifanya narekebisha kifaa. Na zile karatasi saba hazikuwa kwenye rafu. Zilikuwa kwenye droo chini ya pasi, zimefungwa kwa utepe. Nilizitafuta mwenyewe kesho yake, mama yako alipotoka kununua mboga, kwa sababu baada ya simulizi lile nilijua lazima ziwepo. Nilipozipata nilifurahi. Hilo ndilo linalonila. Sikuona huruma kwanza, nilifurahi kwa sababu nilijua nimepata kazi yangu.

Na bado sijamaliza. Baada ya "kumbe" ile ningeweza kuzima sauti saa ileile. Niliiacha siku tatu zaidi. Jumapili watu wa jumba moja la sanaa walikuwa waje kuiona, nami nilitaka waikute nzima. Walikuja, wakaisifu, wakataka kuichukua. Nimewakatalia, lakini nilichukua siku tisa kuwakatalia.

Juzi jioni, baada ya duka kufungwa, nilimrudishia mama yako karatasi. Nilidhani hatanifungulia. Alifungua, akaondoa kitambaa mezani, akazipanga zile saba kwa mstari, akaniambia, "Soma."

Nilisoma vipimo vilivyoandikwa juu yake, kwa Kijapani. Akasema, "Siyo hivyo."

Nikaanza upya kwa Kiningbo. Mabega. Kifua. Urefu toka shingoni. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipokosea kutamka alinisahihisha, mara mbili, kwa sauti ileile anayomsahihishia mwanafunzi wa ushonaji. Nilipofika wa saba nilikuwa nalia, naye hakulia. Aliniambia nilie mbali na karatasi.

Nilimwomba msamaha. Alisema msamaha si nguo, hawezi kunishonea kwa siku moja. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimetafuta namna ya kumwambia Suwen. Wewe umewaambia watu wote wasioelewa. Sasa mwambie anayeelewa. Andika, usiache hata jambo moja, hata lile la droo." Kumbe la droo alikuwa anajua.

Nimeandika kama alivyoniagiza. Sikuombi unijibu. Nguvu ulizonazo zitumie kwake. Ameniambia hatakupigia simu kwanza, kwa sababu hataki usikie kwenye sauti yake kwamba anaogopa. Atakaa tu dukani mpaka mlango ufungwe saa moja jioni, kila siku, simu ikiwa karibu na mkasi.

Wabusu wanao kwa niaba yangu, kama bado unaruhusu, na unisalimie shemeji. Ukimpigia mama, zungumza naye kwa lugha yake tangu neno la kwanza. Atajua kwamba barua imefika.

Ni mimi niliyekukosea,
Lou Peizhen