Neno Ulilonituma Ofisini

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, magoti yametulia, na yule jirani amerudisha ngazi aliyoazima. Mimi ni mzima. Kazi ndiyo inanimaliza, lakini hilo umeshalizoea.

Siku ile uliniuliza sisi maofisa ustawi wa jamii tunafanya nini hasa, maana kila ukiniona nina mkoba begani na viatu vimejaa vumbi. Sikukujibu vizuri, nilikuwa na njaa. Kazi yetu, Mama, ni kupiga hodi. Tunaingia nyumba za watu, tunakaa tunapoonyeshwa, halafu tunauliza mambo ambayo mwingine akiyauliza atafukuzwa: nani analala wapi, nani anapika, mtoto akiumwa anamwita nani. Asubuhi niko kwa mzee ambaye wanawe wanatupiana mzigo wa kumtunza, mchana niko shuleni kwa binti anayesinzia darasani, jioni napatanisha mke na mume ambao wakishapatana wananigeukia mimi.

Wakijua tunakuja, watu hujiandaa. Mama mmoja aliazima makochi ya jirani ili nimwone anajiweza. Baadaye nikaenda kwa huyo jirani kwa shauri jingine, nikakuta makochi yamesharudi, nikayakalia tena. Mimi huwa namtazama zaidi mtoto, kama anajua kikombe chake kilipo au anasimama mlangoni kama mgeni.

Sasa nije kwa Chiriku wetu. Tangu mdogo wangu atutoke, na mwanawe awekwe makao ya watoto wakati shauri lake likiangaliwa, najua hulali vizuri. Uliomba upewe mjukuu wako umlee, ukanituma nikakusemee neno ofisini, kwa kuwa mimi ni mtu wa huko huko. Nilikueleza kwamba shauri la ndugu yangu siruhusiwi kulishika, ukasema nina maringo. Ndiyo maana aliyekuja kukagua nyumba ni mwenzangu, yule mrefu mwenye miwani. Alirudi anakusifia mno. Alisema nyumba inang'aa, kitanda cha mtoto kimetandikwa, na ulimchekesha mpaka akasahau nusu ya maswali yake. Kwa upande wake hakuwa na kipingamizi. Kilichobaki ni kumuuliza ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu ni mimi peke yangu.

Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, upande wa pili wa meza yangu mwenyewe. Kumbe kiti kile kinayumba, miaka yote hii sikujua. Aliniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua kuhusu bibi wa mtoto. Swali hilo nimewauliza watu wengi, na huwa naangalia mikono yao wanapojibu. Yangu nikaificha mapajani.

Mama, nilimwambia usipewe mtoto.

Nilimweleza habari za siku ile nilipomwombea Chiriku ruhusa makaoni, nikamleta kwako ashinde nawe. Ulimpeleka uani kumwogesha, mimi nikabaki sebuleni napiga pasi. Nikasikia analia, kisha analia zaidi. Nilipotoka nilimkuta peke yake ndani ya lile beseni kubwa la kufulia, bomba linamwaga, maji yamemfika kifuani, na wewe uko jikoni unachambua mchele. Ukaniuliza kwa upole kabisa, huyo mtoto anayelia ni wa nani. Nikakuambia ni wetu. Ukasema basi nimtafutie nguo, asije akapata baridi. Jioni ulimbeba mgongoni ukimwimbia, ukimwita kwa jina la mama yake, na ya mchana hukuyakumbuka hata kidogo.

Usimlaumu mwenzangu, wala usiseme nimekugeuka. Nisingeliona lile beseni, ningekusemea mpaka sauti inikauke. Nilipomaliza kujibu niliingia chooni nikalia, kisha nikaenda kumsikiliza mteja aliyekuwa ananisubiri kwenye benchi.

Kabla ya hapo mwenzangu alikuwa ameniuliza, kama si bibi, basi nani. Nikamwambia aandike mimi. Mimi ambaye kila mara nimekuambia kazi yangu haina nafasi ya mtoto. Nimeacha kile chumba changu kimoja, nimepanga vyumba viwili karibu na ofisi, na sasa atakuja kukagua kwangu. Usinicheke, lakini nimejikuta nawaza nani ataniazima makochi.

Chumba cha pili ni chenu, wewe na Chiriku. Nitakuja Ijumaa kukuchukua, na tutapitia kwanza kwa daktari. Ukikataa nitakaa hapo mlangoni, unajua kazi imenifundisha kukaa kwenye milango ya watu. Utamwimbia, utamlisha, utamsuka, utamdekeza mpaka niwagombeze wote wawili. Kumwogesha nitamwogesha mimi.

Najua utanikasirikia, na ni haki yako. Ukisahau ulichonikasirikia ukaniuliza kwa nini hukupewa wewe huyu mtoto, nitakueleza tena, polepole, kama sijawahi kukueleza.

Nisalimie jirani, na hiyo ngazi airudishe. Ubaki salama mpaka Ijumaa.

Ni mimi mwanao mkubwa,
uliyemtuma neno akaenda kusema jingine.