Kunde za Mama

Jumatano, kipupwe, 1958

Kunde zote za mbegu zimebunguliwa. Mke wangu alitaka kuzitundika juu ya moshi wa jikoni. Mimi, msomaji mkubwa, nikazifungia chupani.

Mbegu hiyo mama alimgawia mtu mmoja tu, jirani yetu Bi Mize. Baada ya Alasiri nikajikaza, nikaenda. Nilimkuta uani akipura zake.

"Shikamoo, Bi Mize."

Hakuitikia marahaba. "Mbegu ya mamako ninayo. Lakini si wewe uliyemwita mwanangu kibaraka gazetini? Basi kapande gazeti lako, tuone litaota nini."

Nimerudi mikono mitupu, na marehemu mama nilimwahidi mbegu yake haitapotea.

Nimeisoma tena makala ile. Sifuti hoja hata moja. Ila jina la mwanawe ningeweza kutolitaja.