Ziwa Lisifunge Duka

Jumatatu, 3 Machi

Kazini tena! Bosi ana miezi minne na siku sita, mimi nina miaka thelathini na moja, na aliyelia mlangoni ni mimi. Yeye alikuwa anacheka na bibi yake. Msaliti.

Mpango wa muuguzi wa kliniki ni huu: asubuhi Bosi ananyonya kabla sijatoka. Kazini nakamua maziwa mara mbili. Jioni namkabidhi Mama Mkwe vipakiti, yeye ndiye mwenye jiko, na kesho yake anampa kwa chupa. Yasipotosha ndipo anaongezea maziwa ya kopo. Nikifika nyumbani, ziwa kwanza, chupa baadaye. Kopo si dhambi, kasema muuguzi, wengi wanakula vyote viwili na wananenepa. Ila ziwa nalo halina akili nyingi: likiombwa linatoa, lisipoombwa linafunga duka.

Nataka Bosi anyonye mpaka atembee. Basi. Sijamwambia mtu, nisije nikachekwa.

Fundi Mkuu wa karakana yetu ya ushonaji kanipa chumba cha kujaribia nguo — pazia, kioo, kigoda. Nje kabandika karatasi: MAREKEBISHO YANAENDELEA. Marekebisho! Vipakiti nimevifungia lebo za kitambaa kwa uzi, kama tunavyofungia nguo za wateja. Siku na saa. Mazoea ya kazi hayaishi.

Jumanne, 4 Machi

Pampu ya kukamulia inalia kama cherehani ya ovaloki yenye njaa. Leo mteja kafunua pazia, suruali mkononi. Tumetazamana kwenye kioo. Kasema atarudi Alhamisi. Fundi Mkuu anadai suruali yenyewe haikuwa na haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Kopo limefika nusu! Tulilifungua Jumatatu.

Nikamuuliza Mama Mkwe, kwani yangu hayatoshi? Kasema mume wake ana njaa ya mpiga tofali. (Bosi ni mume wake tangu siku aliyozaliwa. Mimi ni mke mwenza tu, nimeletwa kunyonyesha.)

Jioni Bosi kanyonya mara mbili tatu, kaachia, kaanza kutazama dari. Dari lina nini?

Jumamosi, 8 Machi

Leo nipo nyumbani, nikasema kutwa nzima ni mimi na yeye, tutapatana. Wapi! Nikimsogeza kwenye ziwa anajipinda na kupiga yowe mpaka jirani kagonga ukuta. Chupa ikitokea tu, kimya. Baba Bosi, akidhani anasaidia, kasema hata yeye angechagua inayotoka haraka. Nikamtazama. Akakumbuka kwamba ana nguo za kuanika.

Nilicheka. Halafu nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikalia. Naionea wivu chupa ya plastiki, mtu mzima mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Mapumziko ya mchana nimekimbilia kliniki. Muuguzi kaniuliza: kabla hujafika nyumbani, mtoto anakula mara ya mwisho saa ngapi? Sijui. Fundi nguo mzima, sina vipimo! Kanicheka kidogo. Kisha kaniambia: chuchu ya chupa iwe na tundu dogo, ili Bosi afanye kazi kidogo. Nimpe ziwa akiwa bado na usingizi usingizi, kabla njaa haijampanda kichwani. Kopo nisilizimue, vijiko na maji ni kama ilivyoandikwa. Na nisiache kukamua, hata yakitoka ya kulowanisha kitambaa tu.

Nyumbani nimemuuliza Mama Mkwe kwa adabu zote. Kumbe chupa ya mwisho ni saa kumi na nusu, na mimi nafika kumi na moja! "Ili ukifika upumzike, mwanangu." Sasa utamgombeza vipi mtu wa namna hii? Nimemwomba kuanzia saa tisa asimpe kitu, labda alie kweli kweli. Kasema sawa, sawa, sawa.

Sawa tatu za Mama Mkwe nazijua.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekamua nusu ya kiasi cha wiki iliyopita. Nikakaa kwenye kigoda nakitazama kile kidogo kilicholala kwenye kitako cha chupa. Nikajisemea ndiyo basi, wanashusha mlango wa duka.

Halafu saa nane. Nampima bwana mmoja mabega, koti la harusi. Nje kichanga cha mteja mwingine kikaanza kulia. Loh! Kifua kikafunguka chenyewe. Mabaka mawili kwenye blauzi, kila moja sahani nzima, na tepu bado iko shingoni mwa bwana harusi! Fundi Mkuu kanivisha koti alilolivua kwenye sanamu ya dirishani, na kumwambia bwana harusi asishangae, hayo ndiyo yanayomsubiri mwakani.

Aibu, ndiyo. Lakini njia nzima nimerudi natabasamu peke yangu. Kwa hiyo yapo! Sasa yanakwenda wapi? Jana tumefungua kopo la pili.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi kanyonya dakika nne. Nne! Kisha dari. Nimeanza kulichukia dari hili.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia jikoni, saa tisa kasoro. Bosi amelala. Niandike upesi.

Umeme umekatika mji mzima tangu asubuhi. Mashine za kazini kimya, saa saba Fundi Mkuu katuruhusu. Nimeingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Mama Mkwe kapiga magoti mbele ya friza, taulo zimetandazwa sakafuni. Samaki huku, njegere kule. Na katikati, vimepangwa vizuri kama mitumba ya daraja la kwanza — vipakiti vyangu. Vyote! Jumatatu saa nne asubuhi. Jumatatu saa tisa. Jumanne. Uzi wangu, mwandiko wangu. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

Nilisimama na mkoba begani. Siku kumi nafungiwa nyuma ya pazia kama suruali isiyokaa vizuri! Siku kumi najiona nimekauka. Nikamuuliza, Mama, huyu mtoto amekuwa anakula nini? Kasema ya kopo. Haya mazuri nilikuwa nawawekea.

Kuwekea nini? Ya siku ya shida, kasema.

Nilikasirika. Niandike ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia, Mama, shida ndiyo hii, umeitengeneza wewe. Nilisema hivyo. Kwa mama wa mume wangu.

Kaketi pale pale sakafuni, kaanza kuvifuta vipakiti kwa ncha ya khanga, kimoja kimoja. Kisha kaeleza, bila kuniangalia. Kwamba Baba Bosi alipokuwa na miezi miwili yeye alirudishwa kazini, kufua mashuka ya hoteli. Hakuna kigoda, hakuna pazia. Wiki tatu tu, akakauka. Mtoto analia anamtafuta, yeye hana hata tone la kumdanganyia. Akaomba kwa jirani aliyekuwa ananyonyesha, jirani akampa siku mbili, ya tatu akafunga mlango. Nikaapa, kasema, mke wa mwanangu hatafika pale. Kila ulicholeta nikaficha. Nikiona vimejaa, nalala usingizi.

Jamani. Mimi nimekaa na huyu mwanamke nyumba moja, namtania kutwa, na hili sikulijua. Sidhani hata mwanawe analijua.

Nikaketi naye sakafuni. Nikamweleza alivyosema muuguzi: yaliyo ndani ya friza hayaliamshi ziwa, mtoto ndiye anayeliamsha. Akiba ya kweli ni yeye kunyonya. Kisha kauliza, kwa hiyo mimi ndiye ninayekukausha? Nikamwambia hapana, Mama, mimi sikauki, muulize bwana harusi. Nikamsimulia ya tepu na sahani mbili. Kacheka mpaka kashika mlango wa friza, nikamwambia aufunge, baridi inatoroka!

Vipakiti vingine tumevirudisha ndani; viwili vimeshayeyuka, na vikiyeyuka havigandishwi tena. Hivyo tumeviweka kwenye kikasha changu cha barafu, kile ninachobebea vipakiti kutoka kazini. Leo Bosi akinyonya na bado akadai, ataongezewa hivyo, ya mama yake. Kopo Mama Mkwe kalipandisha mwenyewe juu ya kabati, hatua mbili tatu, karudi kulisukuma mpaka ukutani. Halijafukuzwa, kaliambia, lisubiri zamu yake.

Chupa ya mwisho ilikuwa saa sita, kaapa. Safari hii kasema sawa moja tu.

Sasa tunasubiri. Yeye yuko kwenye kiti cha mlangoni, mimi nipo hapa na daftari. Nimemwambia akiamka mimi ndiye ninayemchukua, hata akipiga yowe, hata jirani akigonga. Kaitikia kwa kichwa. Naogopa kuliko siku ya kujifungua. Itakuwaje akilitazama tena dari mbele ya bibi yake?

Bosi anajigeuza. Mama Mkwe kanyanyuka nusu, karudi kuketi. Mikono kaikalia, yote miwili, isije ikatangulia kwenye chupa.

Bosi kalia.

Blauzi imeshalowa. Mama Mkwe kaiona kabla yangu, kafumba macho, na mikono bado kaikalia. Naenda kumchukua.