Viatu vya Haroub Msibani

Mpendae, Unguja
16 Februari 2025

Mpendwa Dada Mardhiya,

Shikamoo. Natumai hapo Maskati wewe na wanao mu wazima, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila moyo wangu umechafuka tangu wiki iliyopita, na nisipokwambia wewe nitatapika.

Unamkumbuka Sichana wa Jambiani, ninayepika naye pale hotelini Mji Mkongwe? Mama yake amefariki. Alipompigia simu msimamizi wetu, Haroub, kumwarifu, hakupewa hata pole. Aliulizwa nani atashika zamu yake. Ndivyo alivyo huyo: hazungumzi na mtu ila kuamrisha, na ukimjibu unaitwa jeuri.

Tulikwenda kuhani. Tumekaa ndani wanawake, tunasoma Yasini, mara Haroub huyo! Badala ya kukaa barazani na wanaume wenzake, kaingia bila hata hodi, viatu miguuni, kaukanyaga mkeka tulioukalia. Akamwambia mfiwa mbele ya watu, “We Sichana, Jumamosi wageni wamejaa. Unarudi lini?”

Wallahi! Na si mgeni asiyejua, dada. Kazaliwa Kikwajuni, kalelewa na mama mwenye heshima zake. Sichana hakuinua uso. Alisema tu, “Sirudi.”

Mwanamke yule alikuwa akifika jikoni mapema bila kuambiwa, na mwenzake akiugua yeye ndiye humshikia zamu. Sasa kaondoka, na Talib aliyekuwa akichoma samaki kamfuata. Haroub eti anashangaa! Anasema watu wa siku hizi hawapendi kazi. Mdomo ule ule uliowafukuza!

Juzi kaniita, kanipa nafasi ya Sichana na mshahara juu. Unazijua shida zangu, na mwanangu Badria ndiyo kwanza kaanza skuli. Nikavitazama viatu vile, nikasikia kinyaa. Nimekataa, na sare nimeirudisha, imefuliwa na kupigwa pasi. Usinigombeze, dada. Mimi na Sichana tutapika mikate ya kumimina tuuze, na riziki ni ya Mungu.

Nisalimie shemeji Masoud na mwanao Anwar. Mama anakuombea kila baada ya sala, nami namwomba Mola akuhifadhini huko ugenini mpaka tuonane.

Nimesikia mama yake Haroub naye hali si nzuri. Mungu amponye. Lakini siku ikifika tutakwenda kumhani Haroub, sote aliotukimbiza, na viatu tutavivua mlangoni.

Mdogo wako akupendaye,
Thuwaiba