Walipoifuta "Kitalu cha Bram"

Shangazi Geesje mpendwa, naomba msaada wako kwenye safu yako ya gazeti, na kama ni kunigombeza nigombeze tu, maana hapa nilipofika hata kugombezwa ni nafuu.

Mimi ni mwanaume wa hapa Assen, Jumamosi ya wiki ijayo natimiza miaka sitini, na nimeishi na mpenzi wangu Wiebe, mwanaume mwenzangu, tangu sote wawili tuna nywele kichwani, lakini kwa mama yangu, Mama Aaltje, Wiebe ni "mpangaji wako", na mpangaji amebaki miaka yote hii, na mimi sijawahi kufungua mdomo kumsahihisha, maana kwetu mambo ya moyo hayasemwi. Halafu ikaja ile tamthilia ya Jumapili, Kitalu cha Bram, ya wale wanaume wawili, wakulima wa maua ya tulipu, wanaopendana, Bram na Joost, na Mama Truus, mamake Bram, anayekataa katakata kumtambua Joost, na sijui ilikuwaje, Shangazi, Mama akaipenda! Kila Jumapili anakuja kwetu, anapewa kahawa na biskuti moja, kopo la biskuti linafungwa kama desturi yetu, anaketi, na mama huyu ambaye hajawahi kuniuliza chochote cha maana anaanza, "Huyo Bram naye, kwa nini hamwambii mama yake waziwazi?" Nami nasema, "Labda anamwogopa, Mama." "Amwogope kwa lipi? Kwani mama atamla?" Tulikuwa tunazungumza, Shangazi, kwa mara ya kwanza maishani, hata kama tulikuwa tunamzungumzia Bram.

Sehemu ya mwisho Mama Truus alifika kwenye ukumbi wa harusi ya Bram na Joost, akashika kitasa cha mlango, picha ikasimama, ikaandikwa itaendelea. Haikuendelea. Kituo kilitangaza kwamba watazamaji ni wachache, imefutwa, basi. Nililia kama mfiwa. Wiebe akasema, "Wamemwacha yule mama mlangoni, na wetu naye kabaki hapohapo."

Ndipo nikadanganya. Nilimwambia Mama imehamia mtandaoni kwa kulipia, mimi nitaitazama na kumsimulia, na tangu hapo kila Jumapili natunga, nimeshaleta mafuriko, nimeleta ugonjwa wa vitunguu vya maua, nimemtia ugonjwa farasi wa jirani mpaka nikamwonea huruma, ili mradi Mama aendelee kuja, na kila mara ananiuliza, "Kisha Mama Truus akasemaje?" nami namjibu bado yuko mlangoni, kuna mvua. Naogopa kumwingiza ndani, maana nikimwingiza halafu Mama aseme "mjinga huyo", nitakuwa nimejimaliza mwenyewe. Nilikaribia kuumbuka kwenye kahawa ya baada ya ibada, watu wote wanalalamika kwamba tamthilia imefutwa na Mama ndiye anayewamiminia, ila kwa bahati masikio yake siku hizi ni mazito.

Sasa ndiyo hiyo siku ya kuzaliwa, na unajua ilivyo, viti vinapangwa duara na kila anayeingia anampa mkono kila mtu, hongera kwa mwanao, hongera kwa kaka yako, hata jirani anapewa hongera kwa kuwa na jirani, lakini Mama akimfikia Wiebe husema, "Na wewe umekuja." Mwaka jana Wiebe alininong'oneza jikoni, mlango umefungwa, "Je, mpangaji alete keki?" na Mama akaitikia kutoka sebuleni, "Alete, na visahani!" Watu wakacheka, Wiebe hakucheka. Mwaka huu ameniambia, "Nikikosa hongera yangu kwenye lile duara, naondoka jioni ileile kwenda kwa dada yangu Leeuwarden, na sirudi." Sanduku lake amelishusha darini, liko kando ya kitanda. Shangazi, Jumapili imebaki moja tu. Nitunge nini?

Mtunzi wa Jumapili, Assen

*

Mtunzi, pole. Wenye kituo walikata tamthilia, wakaenda kula mchana, nawe umebaki na msiba ambao hata kazini huwezi kupewa pole. Mimi pia niliipenda na nina hasira nao. Hilo tumelimaliza.

Sasa tuje kwako. Masikio mazito, eti! Mama aliyesikia mnong'ono kupitia mlango uliofungwa ndiye ashindwe kusikia kanisa zima likilalamika, naye kasimama katikati na birika mkononi? Mwanangu, acha hizo. Mama yako anajua tangu siku ile kwamba tamthilia hakuna. Anajua, na bado anavaa koti, anakuja kwako, anakula biskuti yake moja, anamvumilia hata farasi wako mgonjwa, kisha anauliza tena, "Mama Truus akasemaje?" Unadhani anamuulizia nani? Mwanamke mzima anakuomba umfungulie njia ya kusema, nawe unamwambia kuna mvua.

Siahidi furaha. Kujua ni kitu kimoja, kusema ni kingine, na akina mama wa huku nimezika wengi waliokwenda na neno lao kooni. Huenda akamaliza kahawa, akavaa koti, akaondoka. Hilo ulijue kabla. Na usijifiche nyuma ya mama yako: miaka yote Wiebe anaitwa mpangaji, nani alikaa kimya pembeni? Lile sanduku kando ya kitanda halimsubiri Mama Aaltje. Linakusubiri wewe.

Kwa hiyo usitunge tena, hata sentensi moja. Jumapili hii zima televisheni. Wiebe asikimbilie jikoni, akae kwenye kochi, ubavuni kwako, na kikombe chake. Kopo la biskuti usilifunge. Na Jumamosi, Mama asiposema kitu, simama wewe katikati ya duara, mpe Wiebe hongera yake mbele ya watu, umwite mume.

Lakini Jumapili kwanza. Mama atauliza, kama kawaida yake, "Kisha Mama Truus akasemaje?"

Mjibu: "Sijui, Mama. Bado hujasema."

Halafu unyamaze, hata kahawa ikipoa.