Usivae Nguo ya Eda, Niko Hai

Arua, Alhamisi

Mama Zubeda, mke wangu,

Mimi iko na miaka sabini na moja na bado inaendelea. Nimeshinda vita mbili ya Wazungu, nzige, makamanda wanne na baskeli tatu. Kwa hiyo kama dereva wa lori ya tumbaku amefika huko Koboko akasema ameniona nabebwa kwenye jeneza, jua kwamba ameona kweli. Lakini sikufa. Usilie. Nguo ya eda rudisha sandukuni. Magoti yako hajambo? Mbuzi amezaa?

Tatizo ni ile mafua mbaya iliyokohoza soko yote. Ilinilaza siku tisa. Homa ikatoka, nikasema basi, imekwisha. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, akakataa: "Mzee, homa imetoka, kifua bado. Ngazi hapana. Tembea mpaka mlangoni, pumzika, rudi." Kuniambia mimi! Mutu aliyetoka Koboko kwa baskeli na gunia ya chumvi, akala chakula ya mchana Arua! Nikamjibu, "Kijana, mimi naadhini miaka kumi na tisa, na sauti yangu inafika mpaka kijiji ya Dadamu."

Jana adhuhuri nikapanda mnara. Ngazi ni ishirini na sita tu. Ya kumi, nikashika ukuta. Juu nikasema "Allahu akbar" moja, ya pili ikakatika katikati. Nafungua mdomo, hakuna kitu. Mama Zubeda, nilishtuka! Nilikaa chini kama mtoto.

Musa, mwadhini msaidizi, akanishusha mgongoni. Kutembea nyumbani sikuweza, na petroli hakuna mjini, ila ya lori ya tumbaku. Jeneza ya msikiti iko pale ukutani. Musa na wenzake wakanilaza ndani, wakanifunika shuka sababu ya jua. Sasa unajua watu wetu: jeneza ikipita, kila mwanamume anakimbia kutia bega apate thawabu. Sokoni wakajaa. Wanalia, "Maskini, alikuwa na sauti!" Candia muuza chumvi akasema, "Sauti ndiyo, lakini kiburi je?"

Nikaketi. "Kiburi ya nani?"

Wakaniangusha wote. Lakini lori ilikuwa imekwisha ondoka na habari.

Leo asubuhi nikachukua baskeli, nije mwenyewe unione. Nilifika duka ya kona tu, nikarudi naisukuma, nasimama kila nyumba. Ndiyo maana unapata karatasi. Na jambo moja sikuambia mutu: pale juu ya mabega, kabla Candia hajasema, nilikuwa nataka wasinishushe. Ilikuwa raha. Hiyo ndiyo imenishtua kuliko kuanguka.

Basi kesho Musa ataadhini. Mimi nitatembea mpaka mlangoni, nipumzike, nirudi. Usimwambie dresa.

Salamu kwa binti yetu na mume wake fundi cherehani, na kwa kaka yako mchinjaji, asianze kuchinja kwa matanga yangu.

Kama una shaka, muulize aliyekupa barua hii. Ni Candia mwenyewe, nimemtuma kwa baskeli iwe adhabu yake. Mwambie akuonyeshe goti lake limechubuka. Ni pale nilimwangukia, na maiti haiangukii mutu ikimtukana.

Mume wako,
Baba Zubeda