Naserian na Dawa ya Kupe

Ijumaa, Julai 2008. Kitengela.

Manyunyu tangu asubuhi, matope meusi yameganda viatuni, na mimi natabasamu peke yangu hapa kwa saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikiri kwanza. Kwa miaka sita nimefundisha kemia nikidhani anayekariri ameelewa. Ripoti za maabara zilifanana kama mapacha, mpaka makosa.

Kwa hivyo muhula huu niliwaambia kidato cha tatu waandike maelekezo ya kazi wanayoifanya nyumbani. Halafu mwenzako anayafuata neno kwa neno mbele ya darasa, nawe huruhusiwi kumsaidia.

Naserian, msichana mpole wa dawati la nyuma, aliandika jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe ya kupulizia ng'ombe. "Weka dawa kidogo kwa maji mengi." Abdi, mwenzake aliyepaswa kuyafuata, akasimama na ndoo yake na chupa ya maji ya rangi badala ya dawa, akakwama.

"Kidogo ni ngapi?"

Darasa likacheka. Naserian akainamisha kichwa. Nilitamani kumjibia, nikajizuia.

Aliiandika upya mara nne. "Kidogo" ikawa mililita, "maji mengi" yakawa lita. Akaanza kuniuliza kwa nini dawa ikizidi ni sumu, na ikipungua kupe wanaizoea. Nilikuwa nimefundisha ukolezi, yaani kiasi cha kitu kilichomo kwenye maji, wiki tatu nzima bila kuulizwa swali hata moja.

Leo babake alikuja shuleni na ile karatasi mkononi.

Wasichana wawili wa darasa lile walishatolewa shule na wazazi wao mwaka huu.

"Mwalimu, hii umeandika wewe?"

"Hapana, mzee. Ni Naserian."

Akainyoosha ile karatasi. "Mimi nilikuwa napima na macho tu. Kupe wakikataa kufa, naongeza. Nilipoteza ndama wawili hivyo. Sasa nimefuata hii, na kupe wameanguka. Majirani pia wanaitaka."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alikuwa amepanga Naserian asirudi baada ya likizo ya Agosti. "Hiyo mambo imeisha," akasema. "Wacha amalize."

Nilimwita Naserian kutoka darasani. Babake akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika glavu. Mimi natoa wapi glavu?"

Wakaongea Kimaasai kwa muda, mzee akiitikia kwa kichwa taratibu, kama anayemsikiliza daktari. Naserian akachomoa kalamu.

"Ni kosa langu, baba. Sikuandika mahali zinauzwa. Ngoja nirekebishe."

Akaiandika pale pale, ameegemeza karatasi ukutani.

Najivunia. Naliandika hilo bila aibu. Jumatatu naanza zoezi hili na kidato cha kwanza, na swali moja halinitoki: ni wangapi niliowapa alama za chini ilhali hakuna aliyewahi kuwauliza "kidogo" ni ngapi?